Uwezekano wa Kupona kwa Majeruhi Aliyewekwa Kwenye Pafu Bandia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya nimeyaandika kwa ajili ya jamaa wanaokesha nje ya wadi za wagonjwa mahututi hapa Mombasa, na pia kwa wauguzi na matabibu chipukizi ambao huulizwa na jamaa hao swali moja kila mlango unapofunguliwa: "Ataishi?" Nimefanya kazi ya uuguzi katika wadi za namna hiyo kwa muda mrefu, na nimeona jinsi jibu la haraka linavyoweza kumuumiza mtu, likiwa la matumaini au la kukatisha tamaa. Kuna njia za kukadiria uwezekano wa majeruhi kupona, na njia hizo zina manufaa makubwa kwa anayejua zinapima nini na zinaacha nini.

Pafu bandia ni kitu gani, na linatofautianaje na mashine ya kupumulia?

Mashine ya kupumulia, ambayo wengi huiita ventileta, husukuma hewa hadi mapafuni kupitia mrija uliopitishwa kooni. Hata hivyo, kazi ya kuitoa oksijeni kwenye hewa na kuitia kwenye damu bado hufanywa na mapafu yenyewe, kwa hiyo yakiwa yamejaa maji na damu, hewa itasukumwa lakini oksijeni haitavuka. Pafu bandia, ambalo madaktari huliita ekimo, halitegemei mapafu hata kidogo. Mrija mnene huingizwa kwenye mshipa mkubwa, aghalabu kwenye kinena, na pampu huivuta damu kiasi cha lita nne au tano kwa dakika, ikaipitisha kwenye utando unaoipa oksijeni na kuiondolea hewa chafu, kisha damu hiyo hurudishwa mwilini kupitia mshipa mwingine mkubwa, mara nyingi wa shingoni. Moyo ukiwa umedhoofika pia, damu huweza kurudishwa kwenye ateri ili mashine isaidie na moyo, lakini kwa majeruhi wengi tatizo ni mapafu peke yake.

Ukiruhusiwa kusimama kando ya kitanda, itazame mirija miwili inayoingia na kutoka kwenye kile kisanduku kidogo cha utando. Damu inayoingia ni nyeusi kama maji ya ukwaju, na inayotoka ni nyekundu kama rosela. Tofauti ya rangi hizo mbili ndiyo kazi yote ya mashine. Muuguzi huikagua kila saa, kwa sababu rangi zikianza kukaribiana ni dalili kwamba utando umeanza kuziba kwa madonge ya damu.

Mashine hii haitibu jeraha. Inamweka mgonjwa hai wakati mapafu yanapumzishwa na mwili wake unajiponya, kwa siku kadhaa au hata wiki kadhaa.

Kwa nini mtu aliyegongwa na gari ashindwe kupumua siku mbili baadaye, ilhali alifika hospitalini akizungumza?

Swali hili huulizwa na karibu kila familia, na mara nyingi huulizwa kwa shaka kwamba kuna mtu alizembea. Pigo la kifua huyachubua mapafu kwa ndani, na mchubuko huo, kama ule wa ngozini, huvimba zaidi siku ya kwanza na ya pili kuliko saa ya ajali. Mfupa wa paja ukivunjika, chembechembe za mafuta kutoka kwenye uboho huweza kuingia kwenye damu na kukwama katika mishipa midogo ya mapafu. Aliyepoteza fahamu huenda alivuta matapishi au damu. Aliyepewa chupa nyingi za damu naye huweza kupatwa na mapafu yanayovuja maji kwa sababu ya damu hiyo hiyo iliyomwokoa. Mara nyingi mambo haya huja pamoja.

Mashine hii ilianza kutumiwa lini kwa watu walioumia?

Ilianza na majeruhi. Mtu mzima wa kwanza kupona kwa msaada wa pafu bandia nje ya chumba cha upasuaji wa moyo alikuwa kijana wa miaka 24 huko California, Marekani, aliyeumia vibaya kwenye ajali ya barabarani mwaka 1971. Daktari J. Donald Hill na wenzake walimweka kwenye mashine kwa saa 75, akapona, na habari zake zikachapishwa mwaka 1972. Jaribio kubwa lililofuata, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 1979, lilivunja mioyo ya wengi, kwa kuwa chini ya mgonjwa mmoja kati ya kumi alinusurika, awe amewekwa kwenye mashine au la. Miaka mingi ilipita kabla ya mirija, utando na pampu kuboreshwa kiasi cha kuifanya tiba hii iaminike. Mwaka 2009 utafiti wa Uingereza wenye wagonjwa 180 ulionyesha kwamba kati ya waliopelekwa kwenye kituo chenye mashine, asilimia 63 walikuwa hai bila ulemavu mkubwa baada ya miezi sita, ikilinganishwa na asilimia 47 ya waliobaki kwenye matibabu ya kawaida.

Kwa jumla, ni majeruhi wangapi hupona?

Shirika la kimataifa liitwalo ELSO, lililoanzishwa mwaka 1989, hukusanya taarifa za wagonjwa waliowekwa kwenye mashine hii katika nchi nyingi. Uchambuzi mmoja wa rejista hiyo uliohusu majeruhi 279 ulionyesha kwamba kama asilimia 70 waliondolewa kwenye mashine wakiwa hai, na kama asilimia 61 walitoka hospitalini wakiwa hai. Ni takribani watu sita katika kila kumi. Lakini tukumbuke kwamba hao walichaguliwa na madaktari waliodhani kwamba wana nafasi ya kupona, na walitibiwa katika vituo vyenye wataalamu wa kutosha.

Madaktari hukadiriaje uwezekano wa mgonjwa mmoja mmoja?

Hutumia alama. Mfumo unaojulikana zaidi kwa mapafu ya watu wazima unaitwa RESP, uliotolewa mwaka 2014 kutokana na taarifa za wagonjwa 2,355 waliokuwa kwenye rejista ya ELSO kati ya mwaka 2000 na 2012. Katika wagonjwa hao, asilimia 57 walitoka hospitalini wakiwa hai. Watafiti walipata mambo 12 yaliyojulikana kabla ya mgonjwa kuunganishwa na mashine, wakalipa kila moja uzito wake, mengine ya kuongeza na mengine ya kupunguza, kisha wakayajumlisha. Jumla huanzia 22 chini ya sifuri hadi 15 juu ya sifuri, na imegawanywa katika madaraja matano. Mwenye alama 6 au zaidi yuko katika kundi ambalo asilimia 92 walinusurika. Alama 3 hadi 5 ni asilimia 76. Kuanzia 1 chini ya sifuri hadi 2 ni asilimia 57. Kuanzia 5 hadi 2 chini ya sifuri ni asilimia 33, na walio chini zaidi ni asilimia 18.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Kijana wa bodaboda mwenye miaka 27 amegongwa na lori Changamwe, mbavu zimevunjika na mapafu yamechubuka. Umri wa kati ya miaka 18 na 49 haumpunguzii kitu. Sababu ya ugonjwa wa mapafu yake ni majeraha, jambo linalompa alama 3. Amekuwa kwenye ventileta kwa muda usiozidi saa 48, anapata 3 nyingine. Amepewa dawa ya kulegeza misuli ili asipigane na mashine, anapata 1. Jumla ni 7, yaani yuko katika daraja la juu kabisa.

Sasa tubadilishe jambo moja moja. Angekuwa na miaka 62, angepoteza alama 3 na kubaki na 4. Angekaa kwenye ventileta siku nane kabla ya uamuzi wa kumwunganisha kufanywa, zile alama 3 za muda zingetoweka, naye angebaki na 4 vilevile. Kwa maneno mengine, kwa mujibu wa alama hizi, wiki moja ya kusubiri humgharimu kijana kiasi kile ambacho uzee humgharimu mtu wa miaka 62. Moyo wake ungesimama hata mara moja na kurudishwa, angepoteza 2. Lakini ubongo wake ungekuwa umeumia, angepoteza alama 7 kwa mkupuo, ashuke hadi sifuri, daraja la asilimia 57. Vikikutana vyote viwili, moyo kusimama na ubongo kuumia, yuko 2 chini ya sifuri, na kundi lake ni la asilimia 33. Hakuna jambo jingine katika orodha yote linalopunguza alama nyingi kama ubongo.

Miongoni mwa mambo mengine yanayopunguza ni kinga ya mwili iliyodhoofika, maambukizi makali nje ya mapafu, hewa chafu iliyojaa sana katika damu, shinikizo kubwa mno la ventileta, na kuhitaji baikaboneti kwa sababu damu imekuwa na asidi nyingi.

Tumeambiwa "asilimia 57". Maana yake ni nini hasa kwa ndugu yetu?

Hebu fikiria matatu ya abiria 14, na kila abiria ni mtu aliyeumia na kuugua kama ndugu yenu kwa kila jambo lililohesabiwa. Wanane watarudi makwao. Sita hawatarudi. Alama inajua idadi ya viti, haijui ndugu yenu amekalia kiti gani. Ndiyo maana si sahihi kusema kwamba "amebakiwa na asilimia 57 ya uhai", kama nilivyowahi kumsikia mtu akielezwa kwenye korido. Mama yule, ambaye mwanawe alikuwa amelala ndani, aliondoka akidhani kwamba mwanawe amekwisha kufa karibu nusu. Ilinichukua muda mrefu kukaa naye na kumhesabia viti vya matatu kwa vidole vyake mwenyewe, na tangu siku hiyo sijataja asilimia bila kutaja watu.

Kwa nini jeraha la kichwa lina uzito mkubwa kiasi hicho?

Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni ya wazi: ubongo ulioharibika hauwezi kupumzishwa na kubadilishiwa kazi na mashine kama mapafu. Ya pili inahusu mashine yenyewe. Damu ikigusa plastiki huanza kuganda, kwa hiyo kwa kawaida mgonjwa hupewa heparini ili damu iwe nyepesi. Kwa mgonjwa wa nimonia hilo ni jambo la kawaida, lakini kwa aliyevuja damu ubongoni, aliyepasuka ini au aliyevunjika nyonga, dawa ile ile inayolinda utando usizibe huweza kufungua upya jeraha lililokuwa limeanza kuziba. Kwa miaka mingi madaktari wengi waliwakatalia majeruhi mashine hii kwa sababu hiyo.

Hali imebadilika kiasi. Mirija ya kisasa imepakwa dawa ndani, na damu ikipitishwa kwa kasi, mashine huweza kwenda kwa saa nyingi au hata siku kadhaa bila heparini, mpaka daktari wa upasuaji aridhike kwamba damu imekoma. Kwa hiyo swali la kuuliza limekuwa: damu inavuja wapi, na je, inaweza kusubiriwa?

Je, kuna alama zinazopima majeraha yenyewe?

Zipo, na ni za zamani kuliko hizo za mapafu. Kipimo cha fahamu cha Glasgow kilichotolewa mwaka 1974 huanzia 3 kwa asiyeitikia chochote hadi 15 kwa aliye na fahamu kamili. Mwaka huo huo kilitolewa kipimo cha ukali wa majeraha kiitwacho ISS. Kila sehemu ya mwili hupewa namba kulingana na ukali wa jeraha, kisha namba tatu kubwa zaidi kutoka sehemu tatu tofauti huzidishwa kila moja kwa yenyewe na kujumlishwa. Kifua 4, mguu 3 na tumbo 2 hutoa 16 na 9 na 4, jumla 29, na kiwango cha juu kabisa ni 75. Anayevuka 15 huhesabiwa kuwa amejeruhiwa vibaya. Kasoro yake ni kwamba majeraha mawili makubwa katika sehemu moja huhesabiwa kama moja, na tena ni vigumu kukipata kwa uhakika kabla ya picha za skani na upasuaji. Mfumo wa TRISS wa mwaka 1987 ulichanganya kipimo hicho na umri, shinikizo la damu, kasi ya kupumua na fahamu.

Mimi hukithamini zaidi kipimo cha Kampala, kilichobuniwa Uganda na kutolewa mwaka 2000. Kinahitaji mambo matano tu: umri, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, hali ya fahamu, na idadi ya majeraha makubwa. Hakihitaji maabara wala skani, na muuguzi aliye peke yake katika chumba cha dharura saa nane za usiku anaweza kukijaza kwa dakika chache. Kilitengenezwa na watu waliojua kwamba skani inaweza kuwa mbovu wiki nzima.

Alama hizi zinaacha mambo gani nje?

Zinaacha mengi, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asome polepole. RESP haikutengenezwa kwa ajili ya majeruhi peke yao. Iliwachanganya na wagonjwa wa nimonia, wa pumu na wengineo, na watu walioungua iliwaweka kapu moja na waliopondeka. Haihesabu ISS. Haihesabu chupa ngapi za damu zimetumika. Haihesabu lakteti, ambayo ni tindikali inayojikusanya damuni viungo vinapokosa oksijeni na ambayo kwa mtu mwenye afya huwa chini ya 2. Kwa majeruhi, lakteti inayoshuka kutoka asubuhi hadi jioni huniambia mengi kuliko namba yoyote iliyopigwa mara moja.

Zaidi ya hayo, RESP husoma yaliyotokea kabla ya mashine kuwashwa, na baada ya hapo hunyamaza. Haioni kwamba siku ya tatu figo zimeanza kukojoa tena, au kwamba siku ya tano mgonjwa amepata maambukizi kwenye damu. Familia inayoshikilia asilimia ya siku ya kwanza hadi wiki ya pili inashikilia habari iliyokwisha pitwa na wakati. Maendeleo ya kila siku ndiyo yanayostahili kufuatiliwa: mkojo, lakteti, chembe sahani za damu, ulaini wa mapafu, na kama mboni za macho bado zinaitikia mwanga.

Usahihi wake ni wa kiwango gani?

Chukua wagonjwa wawili kutoka katika kundi lile, mmoja aliyepona na mmoja aliyefariki, na uiulize RESP ni yupi aliyekuwa na nafasi bora. Katika jozi 100 za namna hiyo, itajibu sawasawa mara 74 hivi. Kurusha shilingi kungejibu sawasawa mara 50. Kwa hiyo inajua kitu, lakini katika kila jozi nne kuna karibu moja ambayo inaikosea, na jozi hiyo ni watu wawili wenye majina na wazazi.

Tunasikia kuhusu kompyuta zinazojifunza kutabiri. Je, hizo si bora zaidi?

Zina uwezo wa kuona uhusiano ambao alama za kujumlisha kwa mkono haziwezi kuuona, kwa mfano namna umri unavyokuwa na uzito tofauti kwa aliyevuja damu nyingi na kwa asiyevuja. Tatizo ni kwamba majeruhi waliowekwa kwenye pafu bandia ni wachache duniani, na modeli yenye njaa ya data ikilishwa watu mia mbili au mia tatu hujifunza hata yale yaliyotokea kwa bahati tu. Huwa kama kanzu iliyoshonwa kwa vipimo vya mtu mmoja: kwake inakaa bila kasoro, lakini ukimvisha jirani yake inabana mabegani. Modeli yoyote inayosifiwa iulizwe swali moja kwanza: imejaribiwa katika hospitali nyingine, kwa wagonjwa ambao haikuwahi kuwaona? Kama haijajaribiwa, sifa zake ni za nyumbani.

Basi zinafaa Mombasa?

Zinafaa kwa kupanga mawazo, na zinahitaji tahadhari katika kutaja namba. Karibu kila mgonjwa aliyehesabiwa kutengeneza alama hizi alitibiwa mahali ambapo gari la wagonjwa lilifika upesi, damu ilikuwepo, na kila mgonjwa wa mashine alikuwa na muuguzi wake. Kijana wetu wa Changamwe huenda aliletwa hospitalini kwa tuktuk akiwa amekunjwa kiti cha nyuma, au alitoka Kwale akapitishwa feri ya Likoni. Saa hizo haziko popote katika orodha ya mambo 12, ingawa mwili wake unazibeba. Kwa hiyo ninaposoma asilimia 76 kwenye jedwali, ninaichukua kuwa ni ahadi ya kituo kilichokamilika, na ninajiuliza ni sehemu gani za kituo hicho tunazo.

Je, daktari anaweza kutumia alama ndogo kumnyima mgonjwa mashine?

Hapaswi kutegemea alama peke yake. ELSO yenyewe inaeleza kwamba RESP ni kwa wagonjwa walio kwenye mashine, na kwamba haichukui nafasi ya uamuzi wa daktari. Sababu ni ya kimantiki: alama ilitokana na watu waliokwisha kuunganishwa, kwa hiyo haiwezi kutuambia mgonjwa huyu angekuwaje bila mashine. Mtu mwenye asilimia 33 kwenye mashine huenda bila mashine asingekuwa na hata asilimia 5, na mwenye asilimia 92 huenda angepona kwa ventileta tu.

Pamoja na hayo, ni lazima niseme kwa dhati kwamba wapo wagonjwa ambao mashine itaurefusha tu mwisho wao, hasa pale ubongo unapokuwa umeharibika kabisa. Kulisema jambo hilo mapema na kwa upole ni sehemu ya matibabu.

Mashine hii ni adimu Afrika Mashariki. Mgonjwa wetu asipoipata, kuna nini cha kufanya?

Kuna mengi, na yamethibitishwa vizuri kuliko hata pafu bandia lenyewe. Mwaka 2000 utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 861 ulionyesha kwamba kusukuma hewa kidogo kidogo, mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kwa urefu wa mgonjwa, kulipunguza vifo kutoka asilimia 40 hadi 31. Mwaka 2013 utafiti wa Ufaransa na Hispania wenye wagonjwa 466 ulionyesha kwamba kumlaza mgonjwa kifudifudi kwa angalau saa 16 mfululizo kulipunguza vifo katika siku 28 kutoka karibu asilimia 33 hadi 16. Jambo la kwanza linahitaji tepu ya kupimia na kuiweka ventileta sawasawa. La pili linahitaji mito na watu wanne au watano wanaosikilizana. Hayo yanawezekana hapa Mombasa leo usiku.

Kwa majeruhi, kulala kifudifudi kuna mipaka yake: uti wa mgongo uliovunjika, nyonga isiyotulia au tumbo lililoachwa wazi baada ya upasuaji huweza kuzuia jambo hilo. Hao ndio wagonjwa wa kufikiriwa mapema kwa rufaa. Kuna takribani kilomita 480 kutoka hapa hadi Nairobi, na kumsafirisha mgonjwa ambaye oksijeni yake tayari inaning'inia ni jambo la hatari, kwa hiyo mazungumzo ya rufaa yaanze siku ya kwanza au ya pili. Siku ya nane alama zake zimekwisha shuka na safari yenyewe imekuwa ngumu.

Kuna lolote ambalo sisi raia tunaweza kufanya ili kuzibadilisha alama hizo?

Ndiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya alama huandikwa barabarani na katika saa za kwanza. Nchini Kenya watu zaidi ya 4,000 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka, na njia ya malori kutoka bandarini kupitia Kibarani, Changamwe na Miritini hadi Mariakani huileta sehemu yake kwetu. Kofia ngumu iliyofungwa kidevuni hulinda zile alama 7 za ubongo. Aliyezimia ageuzwe ubavu, kichwa, shingo na kiwiliwili vikigeuzwa pamoja, ili matapishi yasiingie mapafuni. Jeraha linalotoka damu ligandamizwe kwa nguvu bila kufunuliwa kila dakika. Hospitalini, asidi ya traneksamiki inayozuia damu kuvuja husaidia ikitolewa ndani ya saa tatu tangu mtu aumie. Manufaa ya dawa hiyo yalithibitishwa mwaka 2010 kwa majeruhi zaidi ya 20,000. Kwa hiyo mwambieni daktari saa kamili ya ajali, hata kama mnaikisia kwa adhana au kwa feri mliyoikosa. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Pesa zizungumzwe baadaye.

Tumwulize daktari maswali gani?

Muulizeni kama ubongo umeumia na kama skani ya kichwa imefanyika. Muulizeni damu imekoma au bado, na ni viungo vipi vingine vimedhoofika mbali na mapafu. Kisha muulizeni swali lenye faida kuliko yote: ikilinganishwa na jana, leo yukoje? Mteueni mtu mmoja wa kuuliza na kuandika majibu kwenye daftari, kwa sababu jamaa saba wakiuliza kwa zamu watatoka na majibu saba na ugomvi.

Akiondolewa kwenye mashine, amepona?

Amevuka hatua kubwa, lakini rudini kwenye zile namba za ELSO: katika kila majeruhi 100, kama 70 waliondolewa kwenye mashine wakiwa hai na kama 61 walikwenda nyumbani. Hao tisa walio katikati walifia wadini, baada ya familia zao kuwa zimekwisha shukuru. Siku hizo zina hatari za maambukizi, za damu kuganda miguuni na za mapafu yasiyo na nguvu ya kukohoa. Misuli huwa imeyeyuka kiasi kwamba kijana aliyekuwa akibeba magunia Kongowea hawezi kuinua kikombe cha uji. Wengi huota ndoto za kutisha na kuamini kwamba wauguzi walitaka kuwaua; msiwabishie, waambieni tu leo ni siku gani na wako wapi. Mruhusiwe mapema kumsaidia kukaa kitandani na kuning'iniza miguu, kisha kusimama, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo awaonyeshe jinsi ya kumshika. Kupumua kwake kutaendelea kuboreka kwa miezi kadhaa, kwa hiyo msiikose kliniki hata akiwa anatembea mwenyewe kutoka kitandani hadi dirishani.